Lilizimwa au Lilizimika?

Land Rover ya babu ilinunuliwa na baridi ya Brazil. Julai 1975 jalidi ilishuka katika jimbo la Paraná ikaunguza mibuni isiyohesabika, na kwa kuwa hakuna nchi inayovuna kahawa nyingi kuliko Brazil, bei ikapanda dunia nzima mpaka 1977. Kwetu Marangu, ambako mibuni husimama chini ya migomba na migomba chini ya miringaringa, msiba wa watu wa mbali ulitufikia ukiwa fedha taslimu. Nyumba za udongo zikageuka za matofali. Babu alikuwa na kihamba kizuri, duka dogo, na biashara ya kuteremsha ndizi Himo na Moshi mjini. Akaenda kwa mwenye shamba mmoja wa tambarare aliyekuwa anafunga virago, akarudi na 109 ya petroli, ya kijani kilichopauka, paa jeupe, tairi la akiba limelala juu ya boneti.

Alinunua gari zuri katika mwaka mbaya. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inakata roho, serikali ilifunga mpaka wetu na Kenya. Msomaji wa leo huenda asielewe maana yake kwa mtu wa Kilimanjaro. Holili ipo pua na mdomo na Himo, na kabla ya hapo spea za magari ya Moshi zilikuwa zikitoka Nairobi na Mombasa kupitia Taveta kama zinavyotoka nyanya sokoni. Ghafla platini, raba za breki na vioo vya taa vikawa vitu vya kupita usiku kwa miguu, kwenye njia za Rombo, pamoja na sabuni. Mwishoni mwa 1978 ikaja vita ya Kagera. Mwaka uliofuata, mapinduzi ya Iran yakapandisha bei ya mafuta duniani. Petroli ikawa ya foleni, na Jumapili kuanzia saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Nakumbuka wazee wakitoka kanisani wakiangalia saa zaidi ya walivyomwangalia mchungaji.

Mwaka 1981 babu akaliegesha. Halikugonga mti wala halikutoa moshi. Tairi zilikuwa zimeisha mpaka nyuzi zinaonekana, na za kununua hazikuwepo. Akalisukumia ndani ya banda la bati nyuma ya stoo ya kahawa, akaliinua kwa jeki, akaliweka juu ya magogo. Betri akaifungia redio mpaka nayo ikafa. Tairi mbili zilizokuwa na uhai kidogo zikaazimwa na mtu wa Mamba, hazikurudi.

Sisi watoto tulilirithi. Tuliendesha kwenda Dodoma, Mombasa na Ulaya bila kutoka bandani. Bibi alilirithi kwa njia yake: kuku wake walitagia kwenye benchi za nyuma, na asubuhi alikwenda kufungua mlango wa gari kama wenzake walivyokwenda kufungua kizimba.

Kitu kimoja zaidi kilifichwa enzi zile. Mwaka 1983, serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, mtu aliyekutwa na sabuni nyingi au sukari nyingi alikuwa na maelezo ya kutoa. Babu alikuwa na dumu la lita 20 la petroli alilolinunua enzi za foleni akingoja tairi. Usiku mmoja akachimba shimo mgombani, akalizika. Dumu lile lilikaa ardhini mpaka msako ulipotulia, likafukuliwa, likarudishwa stoo, na hakuna aliyelifungua.

Mambo yakaanza kulegea. Novemba 1983 mpaka ukafunguliwa. Mwaka 1984 wafanyabiashara wakaruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na vyama vya ushirika vilivyovunjwa 1976 vikarudishwa, KNCU yetu ikiwamo. Kufika 1986 maduka ya spea Moshi mjini yalikuwa na vitu kwenye rafu tena. Tairi zilipatikana, ingawa bei yake ilimfanya mtu akae chini kwanza. Ndipo Desemba ile baba mdogo alipopanda kutoka Dar es Salaam kwa basi, betri mpya kaipakata magotini, akitangaza kwamba Krismasi ile mzee atakwenda kanisani kwa gari lake.

Alikuwa mtu wa haraka, baba mdogo. Hata chai hakumaliza. Akafukuza kuku, akafunga betri, akamimina petroli ya kwenye dumu ndani ya tangi, akakaa nyuma ya usukani akapiga stata. Ilisikika *tak*, moja, nzito. Akapiga tena. *Tak*. Taa ya dashibodi ikafifia. Akaanza kusema habari za kukusanya vijana ili lisukumwe.

Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni. "Mwiteni Fundi," alisema. Hakusema zaidi.

Fundi alikuwa mzee mfupi wa kule Marangu Mtoni, aliyevaa sweta la sufu hata juani, na vyombo vyake alivibeba katika kikapu cha mkonge. Alikuwa amezeekea karakana ya TPC, kiwanda cha sukari cha Arusha Chini, ambako matrekta yasipowaka miwa inakauka. Alifika alasiri, akamwamkia babu kwa Kichaga, wakaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Gari hakuliangalia. Baba mdogo alisimama pembeni akibadilisha mguu.

Ndipo akauliza: "Meku, siku ile ya mwisho, lilizimwa au lilizimika?"

Babu akafikiri. "Nililizima mwenyewe. Lilikuwa linanguruma vizuri."

"Basi tunatafuta kilichoingia baadaye," Fundi akasema, akavua betri ya baba mdogo, akaiweka nje ya banda.

Nimewaona mafundi wengi tangu siku ile, na wachache sana huanza na swali hilo. Lakini limebeba nusu ya kazi. Gari lililozimika lenyewe lina ugonjwa wake wa zamani, na ugonjwa huo unakungoja pale pale ulipoachwa. Gari lililozimwa likiwa zima, likalala, lina maadui wengine: unyevu, kutu, panya, nyigu, mafuta yaliyochacha na raba zilizokauka. Marangu ina vyote hivyo. Mwezi Julai ukungu unaweza kukaa mpaka saa sita mchana, na mvua za masika hazina haraka ya kuondoka.

Akaanza na stiki ya oili. Akaivuta, akaifuta, akaichovya tena, akaipeleka mwangani. Alikuwa anatafuta weupe. Maji yakiingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili, yanatoa rangi ya chai ya maziwa, na hapo safari ni ndefu. Haikuwa nyeupe. Hata hivyo akafungua nati ya chini ya injini, na kabla oili haijatoka, yalitangulia maji, kiasi cha nusu glasi. "Jasho," akasema. Injini iliyolala hupoa usiku na kupata joto mchana, na unyevu wa hewa ukigusa chuma baridi ndani hugeuka kuwa matone, yakateremka chini ya oili kwa kuwa maji ni mazito zaidi.

Kisha akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia kwa mpangilio zilivyotoka, akaninyooshea tochi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu kwa siku zote zile, kushika tochi, na siku hizi nikiona kijana anashika tochi kwa fundi huku akichezea simu naumia. Mashimo matatu yalikuwa meusi. La tatu kutoka mbele lilikuwa na wekundu.

Akamweleza baba mdogo kwa upole, kama mwalimu anavyomweleza mkaguzi. Injini inaposimama, kuna silinda ambayo valvu zake hubaki wazi. Kwa miaka mitano hewa ya Marangu ilikuwa inaingia humo, pete za pistoni zikashikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Stata ina nguvu. Ukiwa na betri mpya na bahati mbaya, inaweza kuvunja pete, na pete iliyovunjika itachimba ukuta wa silinda kila mzunguko. "Hiyo *tak* uliyoisikia," akasema, "ilikuwa inakuomba uache."

Akachanganya oili na mafuta ya taa, akamimina kidogo kwenye kila shimo, akazidisha kwenye la tatu. Akafunika boneti kwa gunia, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni ya unga, akanywa mbege kata moja, akaondoka. Baba mdogo hakuamini. Mtu kaja, kamimina mafuta, kaenda kulala!

Kesho yake ilitolewa hendeli, ile fito ya chuma iliyopinda inayopita katika tundu la bampa la mbele na kushika injini moja kwa moja. Wenye magari ya siku hizi hawaijui. Fundi hakuizungusha. Aliisukuma mbele kidogo, akairudisha, mbele kidogo, akairudisha, bila nguvu, plagi zikiwa bado nje ili kusiwe na mgandamizo. Ilichukua muda wa kuchosha hata kutazama. Halafu kitu kikaachia, taratibu, na hendeli ikazunguka mduara mzima, na mashimo ya plagi yakatema oili nyekundu ukutani mwa banda. Aliniruhusu nijaribu, lakini kwanza alinifundisha kushika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Injini ikija kushika moto ikapiga kinyume, hendeli hurudi kwa kishindo, na gumba lililozungushwa upande wa pili huvunjika. Aliwataja watu watatu wa TPC wenye magumba yaliyopinda.

Baada ya hapo ndipo akaingia kwenye umeme. Waya kati ya koili na distributa ulikuwa umetafunwa na panya mpaka shaba inang'aa. Akafungua kifuniko cha distributa. Platini zilikuwa na ukungu wa kijivu juu ya nyuso zake mbili, mahali ambapo umeme unatakiwa kukatika na kuunganika maelfu ya mara kwa dakika. Akazisugua kwa msasa laini, akazipangusa kwa kitambaa safi, kisha akatoa mfukoni nyembe nne za kunyolea zilizofungwa kwenye karatasi. Wembe mmoja una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Zikipangwa nne pamoja zinatoa 0.4, na huo ndio mwanya wa platini kwenye injini ile. Alikuwa na kipimo halisi cha kiwandani? Alikuwa nacho zamani, alisema, kikaibwa. Nyembe haziibwi.

Plagi moja ikalazwa juu ya chuma cha injini, waya wake umevishwa, betri ya baba mdogo ikarudishwa kwa heshima, injini ikazungushwa. Cheche ilionekana, nyekundu, nyembamba, imechoka. Fundi akatikisa kichwa. Kondensa. Baba mdogo alishuka Moshi mjini kwa basi, akarudi jioni na kondensa na plagi mpya, akiwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi hatimaye. Cheche ikawa ya bluu, ikasikika ikidata.

Mafuta ndiyo yaliyokuwa na vituko. Fundi alifungua tangi lililo chini ya kiti, akainama akanusa, akanyanyuka akamtazama babu. "Meku, hii umeitoa wapi?" Babu akasimulia habari za shimo la mgombani. Fundi alicheka mpaka akakaa. Petroli ikikaa, sehemu nyepesi zinazoshika moto haraka hutangulia kuruka, na inayobaki huoza ikawa na harufu ya rangi ya mbao na kuacha utomvu kila inapopita. Msako wa 1983 haukuikamata petroli ile, lakini miaka ilikuwa imeikamata. Ikatolewa yote. Iliishia kuunguza siafu nyuma ya banda la ng'ombe, na bado nasikia hawakurudi mwaka mzima. Wakati wa kuitoa ndipo nilipomwona Fundi akikasirika kwa mara ya pekee: mmoja wa binamu zangu alikuja na kibatari ili tuone vizuri. Alifukuzwa kwa sauti iliyofika kwa majirani.

Injini zile zina pampu ya mafuta ubavuni, na chini yake bakuli la kioo la kunasa uchafu. Lilikuwa na tope la kahawia na kutu ya tangi. Akaliosha. Pampu ina kiwiko kidogo cha kusukuma kwa kidole ili mafuta yapande kabla hujapiga stata, na akakisukuma kwa subira huku akiangalia kioo. Hakikupanda kitu. Diafram ilikuwa imekauka ikapasuka, naye akakata nyingine kwa mkasi kutoka kwenye raba aliyokuwa nayo kikapuni, akisema itafika Krismasi na kupita, lakini inunuliwe ya kweli. Kabureta ikafunguliwa juu ya sahani nyeupe ya bibi ili vidude visipotee. Zile jeti, matundu madogo yanayopima petroli, zilikuwa zimezibwa na utomvu. Alizipuliza kwa pampu ya baiskeli. Hakuingiza waya ndani, kwa sababu waya hupanua tundu, na tundu likipanuka gari linakunywa.

Hewa ilibaki, na hewa watu huisahau. Ndani ya bomba la kutoka kwenye chujio la hewa alivuta kiota kizima cha panya: maganda ya kahawa, sufi ya godoro, na vipande vya gazeti. Na mwisho wa ekzosi nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo, nyumba juu ya nyumba. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuivuta nyingine. Akaigonga ekzosi kwa nyundo, udongo ukamwagika.

Oili mpya. Maji kwenye rejeta, mfereji wa mfongo ukiwa hatua chache tu. Plagi zikarudishwa. Akamwambia baba mdogo, "Sasa piga." Ilizunguka, ikakohoa, ikazunguka, ikapiga risasi moja kwenye ekzosi iliyowarusha kuku wote juu ya paa la stoo, kisha ikashika. Moshi wa buluu ukajaa bandani, yale mafuta ya kwenye silinda yanaungua, tukatoka wote tunakohoa na kupiga vigelegele. Bibi alikuja na mkono kiunoni. "Sasa kuku wangu watagie wapi?"

Halikwenda popote. Miaka ile ya kulala ilikuwa imegandisha pleti ya klachi kwenye flaiwili kwa kutu, kwa hiyo hata ukikanyaga klachi mpaka chini injini na gia hazikuachana. Raba za masta silinda nazo zilikuwa zimekufa, ikabidi baba mdogo ashuke tena mjini. Zilipofungwa mpya, Fundi aliliinua gari upande wa nyuma, akalikita vizuri juu ya magogo, akazuia tairi za mbele kwa mawe, akatuondoa wote mbele na nyuma. Akaliwasha likiwa ndani ya gia ya nne, magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani. Akakanyaga klachi akaishikilia. Halafu akavuta hendibreki. Kwenye Land Rover hizo hendibreki haishiki magurudumu, inashika propela shafti inayotoka kwenye gia, kwa hiyo mshtuko wote ulikwenda pale ilipokwama. Gari lilitetemeka, likatoa mlio wa kitambaa kinachochanwa, na magurudumu yakasimama huku injini ikiendelea kunguruma. Baba mdogo alimshika Fundi mkono wa mafuta kwa mikono miwili.

Krismasi ile mzee alikwenda kanisani kwa gari lake, mwendo wa konokono, kwa sababu Fundi alikataa lisishuke mteremko wa Himo mpaka breki zote nne zifunguliwe na kuoshwa. Tairi mbili zilikuwa za kuazima. Malipo ya Fundi yalikuwa fedha, debe la mahindi na mkungu wa ndizi, na kwa maoni yangu alipunjwa.

Land Rover ile ilibeba ndizi, wagonjwa wa hospitali ya KCMC, maharusi na majeneza mpaka kahawa ilipoiangusha. Julai 1989 mgawo wa kimataifa wa mauzo ya kahawa ulisambaratika, bei ikaporomoka, na watu waliojenga kwa kahawa wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Mwaka 1991 babu akaliuza kwa mtu aliyelipeleka machimbo ya tanzanaiti, Mererani. Liliondoka likijiendesha.

Desemba kila mwaka, wenzangu wanapopanda kutoka mijini, bandani na chini ya miparachichi ya Marangu, Mwika na Kibosho kuna magari ya wazee yaliyofunikwa turubai, na kila mwaka kuna mtoto wa nyumbani anayekuja na nyaya za kubusti na haraka. Magari mengi ya leo hayana hendeli, pampu ya mafuta imezama ndani ya tangi, na kompyuta inataka betri yenye nguvu kamili, lakini kutu na panya hawajabadilika. Kwa hiyo, ndugu yangu, betri mpya iache kwanza kwenye buti. Vuta stiki ya oili. Toa petroli ya zamani yote, mbali na jiko na kibatari. Fungua plagi, mimina oili kidogo kila tundu, ulale. Asubuhi zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli, siyo kwa stata, nayo ikikataa usiilazimishe. Na ukikuta stiki ina rangi ya chai ya maziwa, ishia hapo hapo, uite fundi.